Homa ya Ini ya B: Vitu vya Virusi Vinakaa Wapi Ndani ya Ini?

Ndugu msomaji, labda ulikuja hospitalini kutoa damu kwa ajili ya ndugu yako aliyepasuliwa, na watu wa laboratori wakakuambia ya kuwa damu yako haifai kupewa mtu mwingine, kwa sababu ina virusi vya homa ya ini ya B. Au wewe ni mama mwenye mimba, ukapimwa pamoja na wenzako, halafu ukaitwa kando peke yako. Ukajitazama. Macho yako ni meupe. Unakula bukari na sombe vizuri, unalima, unaimba katika kwaya siku ya Jumapili. Ukaenda nyumbani ukisema moyoni, "Hao wamebadilisha chupa za damu."

Ukiwa na mashaka, omba kupimwa tena, hakuna atakayekukasirikia. Tena kipimo cha pili kina faida yake, kwa maana watu wazima wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe. Lakini virusi vikikaa mwilini kupita miezi 6, tunasema ugonjwa umekuwa wa kudumu, nao ndio tunaotaka kusema habari zake hapa.

Wenye ugonjwa huu wana maswali mawili makubwa. Wasioumwa huuliza, "Mbona sisikii kitu?" Na wanaokunywa dawa huuliza, "Mbona nimemeza vidonge mwaka mzima, na kipimo bado kinasema ninao?" Majibu yamo ndani ya chembe za ini, mahali pale virusi vinapoweka vitu vyao. Basi tufuatane tuingie humo.

Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake ni karibu kilo moja na nusu. Linapokea chakula kilichotoka matumboni, linatengeneza nyongo, linaondoa sumu katika damu, tena linafanya protini zinazogandisha damu mtu anapojikata. Ukikata ini la mbuzi jikoni unaona nyama laini tu. Lakini chini ya mikroskopu nyama ile ni chembe ndogo ndogo, nyingi mno, zimepangwa safu safu.

Kila chembe ni kama lupango la mtu mwenye kazi nyingi. Lina ukuta wa nje wenye milango. Ndani ya ukuta kuna uwanja mpana, na humo wafanya kazi hutengeneza protini mchana na usiku. Na ndani ya uwanja kuna chumba kimoja chenye ukuta wake mwenyewe. Wanganga wanakiita kiini. Hicho ni biro. Humo kimewekwa kitabu cha amri za mwili, kile ulichorithi kwa baba na mama. Makarani wa biro hunakili amri moja moja, nakala zinatoka nje uwanjani, na wafanya kazi hutenda kama ilivyoandikwa. Hawaulizi ni nani aliyeandika. Shika neno hilo, kwa maana hila yote ya virusi inaanzia hapo.

Kirusi cha homa ya ini ya B ni kidogo sana. Ukivipanga virusi hivi mstari mmoja, zaidi ya 20,000 vitaenea katika milimita moja. Mikroskopu yetu ya kutafutia malaria haiwezi kukionyesha. Kilionekana mwaka 1970 huko London, wakati David Dane na wenzake walipotumia mikroskopu kubwa ya elektroni. Kwa umbo lake, kirusi ni karatasi ya amri iliyofungwa ndani ya sanduku, na sanduku limevikwa koti. Koti limefanywa kwa protini ya namna yake, na sanduku kwa protini ya namna nyingine. Tutaziita hivyo, protini ya koti na protini ya sanduku, ili tusichanganyikiwe.

Kirusi hakivunji ukuta. Kinaingia kwa mlango wa halali, ule ambao kwa huo chembe ya ini hupokea chumvi za nyongo. Mlango huo ulitambuliwa mwaka 2012 na wachunguzi wa Beijing walioongozwa na Li Wenhui. Kirusi kikishaingia, koti linaachwa nyuma, sanduku linavuka uwanja mpaka kwenye biro, na karatasi inaingia ndani. Humo inaungwa ncha kwa ncha, inakuwa pete. Na pete ile inakaa biroini kando ya kitabu chako, pengine miaka mingi, nao makarani wanainakili kana kwamba ni amri ya mwenye lupango. Tangu siku hiyo wafanya kazi wako wanashona makoti ya mgeni na kutengeneza masanduku yake, kwa chakula chako mwenyewe.

Sasa tuulize, vitu hivyo vinawekwa wapi?

Tuanze na koti. Protini ya koti inatengenezwa uwanjani, katika ngozi nyembamba zilizokunjwa-kunjwa zinazojaa humo, ambazo ni karakana ya chembe kwa vitu vinavyosafirishwa nje. Haikai katika biro. Na chembe inatengeneza makoti kupita kiasi kabisa. Kwa kila kirusi kamili kinachotoka, makoti matupu yasiyo na sanduku wala karatasi yanatoka kwa maelfu, yakaenea katika damu. Koti tupu haliwezi kumwambukiza mtu, lakini linawapotosha askari wa mwili, wakamaliza nguvu zao juu ya nguo tupu.

Tena si makoti yote yanayotoka. Kuna namna ndefu ya protini ile ambayo ikizidi inazuia mengine yasitoke. Fikiri fundi anayeshona usiku na mchana, na motokari haiji kuchukua nguo. Mwishowe uwanja wote umejaa, hata biro inasukumwa pembeni. Chembe ya namna hii, ikitazamwa kwa mikroskopu, ni pana na imefifia, inafanana na kioo cha dirisha kilichosuguliwa, kile kinachopitisha mwanga lakini humtambui mtu aliye nyuma yake. Wanganga walikuwa wakiziona chembe hizo bila kujua zimejaa nini. Mwaka 1973 Stephanos Hadziyannis, Mgiriki, pamoja na wenzake, alionyesha ya kuwa zimejaa protini ya koti. Na mwaka 1974 Shikata wa Japani na wenzake walionyesha namna ya kuzipaka rangi ya oseini, rangi ambayo asili yake ni mimea midogo iotayo juu ya miamba, na mahali penye makoti pakawa na rangi ya kahawia. Ni jambo la kushangaza, kwamba rangi ya kutia nguo ilikuja kufichua nguo za virusi!

Hiyo protini ya koti ndiyo inayotafutwa katika damu yako. Ukiona herufi AgHBs kwenye karatasi ya laboratori, ujue ni koti. Baruch Blumberg, Mmarekani, na wenzake waliandika habari zake mwaka 1965, baada ya kuikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Wakati ule hawakujua bado ni kitu cha homa ya ini. Walipojua, njia ya kupima damu ya wagonjwa ikafunguka, na Blumberg akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1976. Basi kipimo kikisema ndiyo, maana yake ni hii: mahali fulani katika ini lako kuna viwanja vinavyoshona makoti.

Sanduku lina desturi nyingine. Protini yake inafanyizwa uwanjani vilevile, lakini mkia wake una alama ambayo walinzi wa biro wanaikubali, nao wanaifungulia. Kwa hiyo inaweza kukaa uwanjani, na inaweza kukaa biroini. Uwanjani vipande vyake 240 hushikana na kufanya sanduku moja. Na hapa, ndugu, tumefika mahali penye mafundisho mengi, kwa maana mahali protini hiyo inapokaa panabadilika kadiri ugonjwa unavyobadilika.

Mtazame mtoto aliyepata virusi kwa mama yake siku ya kuzaliwa. Kati ya watoto 10 walioambukizwa hivyo, 9 hubaki na ugonjwa wa kudumu. Kati ya watu wazima wenye afya walioambukizwa, hawafiki 5 kwa 100. Askari wa mwili wa mtoto ni wachanga, wamemkuta mgeni nyumbani tangu mwanzo, wanamhesabu kama mmoja wa jamaa. Katika ini la kijana aliyekua hivyo, wachunguzi hukuta protini ya sanduku imejaa hasa katika viini, yaani ndani ya biro. Viini vingi vimepakwa rangi, lakini askari ni wachache na chembe hazifi. Damu yake imejaa virusi kuliko ya wagonjwa wengi, naye anacheza mpira! Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Kutosikia maumivu si alama ya kuwa virusi ni vichache, na mtu asiye na dalili yo yote anaweza kuwaambukiza wengine kwa wingi.

Halafu, pengine baada ya miaka 20 au 30, askari wanaamka. Ni lazima uelewe ya kuwa kirusi chenyewe hakiui chembe ya ini. Kila chembe ina desturi ya kutundika juu ya ukuta wake vipande vidogo vya vitu vinavyotengenezwa ndani, ili askari wapitao wakague. Askari wakitambua kipande cha protini ya sanduku, wanaiua chembe ile. Katika ini lenye vita namna hii, protini ya sanduku huonekana zaidi uwanjani, si biroini tu, na pande zote kumejaa askari na chembe zilizokufa. Wachunguzi wengi wameona jambo hilo. Lakini si amri ya chuma: katika ini moja utakuta chembe iliyojaa vitu vya virusi jirani na chembe safi, na mgonjwa mmoja si sawa na mwenzake. Wala mahali pa sanduku si sababu pekee ya amani au vita. Uzoefu wa askari tangu utoto una nguvu kubwa.

Vita vikiendelea miaka mingi, mahali pa chembe zilizokufa panajaa makovu. Ini linakuwa gumu, damu haipiti vizuri, tumbo linajaa maji, miguu inavimba, mgonjwa anatapika damu. Hapo ndipo wengi wanapoletwa kwetu wamebebwa. Nasema kwa huzuni, wakati huo tuna mambo machache ya kuwafanyia.

Kuna protini nyingine ambazo sitakaa sana juu yake. Moja ni ndugu ya protini ya sanduku, lakini hiyo kwa sehemu kubwa haikai biroini wala uwanjani. Inatolewa nje katika damu, nasi tunaipima kwa herufi AgHBe. Ikiwapo, mara nyingi virusi ni vingi. Nyingine inaitwa X, ni ndogo, inaonekana uwanjani na biroini pia, na mwaka 2016 ilijulikana ya kuwa inaharibu walinzi wa biro ambao wangeinyamazisha ile pete.

Katika wengine vita vinapungua tena. Protini ya sanduku inakuwa haba hata haionekani, na virusi katika damu vinakuwa vichache. Lakini makoti yanaendelea. Kwa nini? Kwa sababu vipande vya karatasi ya virusi vilikwisha kushonwa ndani ya kitabu chako mwenyewe, na kutoka hapo makarani wanaweza kuendelea kunakili amri ya koti. Kushonwa huku kunaharibu kurasa za kitabu, na ni njia mojawapo ambayo saratani ya ini inaanzia. Kwa ajili hiyo mwenye AgHBs asiseme, "Yangu imelala." Aje kupimwa kila miezi 6 au mara moja kwa mwaka, kama munganga atakavyomwambia. Aache lotoko na pombe nyingine. Tena asile karanga wala mahindi yaliyoota ukungu, kwa maana ukungu ule una sumu inayoitwa aflatoksini, nayo ikikutana na virusi vya B katika ini moja, hatari ya saratani inazidi sana. Nimeona watu wakitupa karanga nzuri kwa sababu ya ndoto, na kusaga zile zenye ukungu kwa sababu ya bei.

Sasa swali la pili, la dawa. Vidonge vya tenofoviri au entekaviri vinafanya kazi mahali pamoja maalum. Karatasi mpya ya virusi inaandikwa ndani ya sanduku, wakati sanduku liko uwanjani. Dawa inaingia mle na kuzuia kalamu. Masanduku yanabaki bila karatasi nzima, virusi vipya havitoki, vita vinatulia, na hata makovu yanaweza kupungua kwa muda mrefu. Hiyo ni neema kubwa. Lakini pete iliyo biroini haiguswi. Inaendelea kukaa, na wafanya kazi wanaendelea kushona makoti. Kwa hiyo AgHBs yako itasema ndiyo mwaka huu, na mwaka kesho, na huenda miaka mingi mbele, hata kama dawa inafanya kazi yake vizuri sana. Tukitaka kujua kama dawa inasaidia, hatuulizi koti. Tunapima wingi wa karatasi za virusi katika damu, na alama za kuharibika kwa ini.

Si kila mwenye virusi anahitaji vidonge leo. Munganga ataangalia damu, umri na hali ya ini. Lakini ukiisha kuvianza, usiviache kwa shauri lako mwenyewe, wala kwa shauri la jirani, wala kwa sababu umeombewa ukajisikia mwepesi. Tunaomba pamoja nawe, nasi tunaamini Mungu anaponya. Mwenye kusema amepona na aje apimwe, atukuze Mungu kwa ushuhuda ulio imara. Kwa maana dawa ikikatwa ghafula, pete inarudi kazini, kalamu iko huru, masanduku yenye karatasi yanajaa uwanjani, na askari wanarudi kwa hasira. Mtu aliyekuwa mzima anaweza kuwa na macho ya manjano baada ya miezi michache, na wengine wamekufa hivyo.

Neno juu ya jamaa. Tumbo la mtu likijaa maji, watu wa nyumbani mara nyingi husema ametiliwa sumu, wakaanza kumtafuta mwenye kutilia. Au mume akisikia habari za damu, anamshitaki mke wake kwa uzinzi. Ni kweli ugonjwa huu unapita kwa njia ya kulala pamoja, na kwa damu: wembe wa kuchanjia chale, sindano isiyochemshwa, mswaki au wembe wa kunyolea unaoshirikiwa. Lakini wengi wa watu wazima wenye ugonjwa wa kudumu katika nchi yetu waliupata wakiwa watoto, kwa mama au kwa watoto wenzao, kabla hawajajua mume wala mke. Wanafunzi wa Bwana Yesu walipomwona kipofu walitaka kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake, naye Bwana hakulikubali swali hilo. Sahani moja haiambukizi, wala kikombe cha Meza ya Bwana, wala kushikana mikono. Mzee wa kanisa anayemketisha ndugu huyu peke yake kwenye benchi la nyuma anafanya vibaya.

Jambo la kufanya ni kuwaleta mke, mume na watoto wapimwe, na wale wasio na virusi wapewe chanjo. Watu huogopa chanjo wakidhani tunawatilia ugonjwa. Lakini sasa unajua vitu vya virusi, basi sikia kilichomo: ni protini ya koti peke yake. Tangu 1986 imekuwa ikitengenezwa kwa hamira, kama ile inayoumua mkate, iliyopewa amri ya koti tu. Hamna sanduku ndani yake wala karatasi nzima ya virusi, hamna kitu cha kuingia biroini na kuwa pete. Askari wanaonyeshwa nguo, ili siku mwenye nguo akija wamshike mlangoni. Ndiyo sababu damu ya aliyechanjwa tu ina kinga juu ya koti bila kinga juu ya sanduku. Mwenye kinga juu ya sanduku alikutana na kirusi chenyewe.

Nawe mama mwenye mimba uliyeambiwa una AgHBs, usikimbie kliniki kwa aibu. Kama virusi vyako ni vingi, munganga anaweza kukupa tenofoviri katika miezi ya mwisho ya mimba, ili mtoto apate vichache au asipate kabisa. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri tangu mwaka 2009 ya kuwa kila mtoto apate sindano ya kwanza ya chanjo hii kabla saa 24 hazijaisha tangu kuzaliwa, kwa maana askari wake wanapaswa kuliona koti mapema, kabla kirusi hakijafika biroini. Halafu atafuata sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 pamoja na watoto wengine, nawe utamnyonyesha kama kawaida. Lakini si kila nyumba ya uzazi ina chupa ya ile sindano ya siku ya kwanza. Usingoje uchungu uanze ndipo uulize. Uliza sasa, ukiwa bado unakuja kupimwa mimba, ili itafutwe na kuwekwa katika baridi kwa jina lako.